Shoka lisilo mpini halichanji kuni

Magari ya mizigo yaendayo Tunduma na Zambia husimama Ipogolo, chini ya mlima uliobeba mji wa Iringa, karibu na mto Ruaha Mdogo. Hapo dereva hunyoosha miguu, utingo hukagua magurudumu na kamba za turubai, na fundi huitwa pale breki zinapotiliwa shaka. Hakuna anayeuliza ni nani kati yao aliye bora. Lakini kila mmoja anajua kwamba gari likikosa breki kwenye mteremko, ushujaa wa dereva hautaziba pengo la kazi ambayo fundi hakuifanya.

Jambo hilo dogo la kituo cha magari lina uzito mkubwa linapohusu ulinzi wa nchi. Katika sherehe za taifa wananchi huwashangilia makomandoo wa Jeshi la Wananchi wanapoonyesha ukakamavu wao wa kuvunja matofali na kupigana bila silaha. Ni haki yao kushangiliwa. Hata hivyo, shangwe hizo zina hatari moja: huwafanya watu waamini kwamba kikosi maalumu ni kundi la mashujaa wasioshindwa na lolote, ambao waweza kutumwa popote, kwa kazi yoyote. Imani hiyo ni potofu, na imekwisha kugharimu damu.

Nguvu ya kikosi maalumu imo katika mgawanyo wa kazi. Tazama timu ya msingi ya vikosi maalumu vya Jeshi la Marekani. Ina watu 12 tu: kamanda na msaidizi wake, sajini wa operesheni, sajini wa upelelezi, kisha wawili wawili wa silaha, uhandisi na milipuko, tiba, na mawasiliano. Fundi mmoja akiuawa, mwenzake yupo, na timu yaweza kugawanyika mara mbili bila kupungukiwa na ujuzi wowote. Lakini watu hao 12 hawana mizinga, hawana ndege, wala hawawezi kulishika eneo kubwa kwa muda mrefu. Kazi hizo ni za wengine. Timu ni makali ya shoka. Jeshi zima ndilo mpini.

Wakazi wa Ipogolo hawana haja ya kwenda mbali kulijua hilo. Barabara iendayo Morogoro hupita Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti, 1891, majeshi ya Mtwa Mkwawa yaliuvunja msafara wa Emil von Zelewski. Wajerumani walikuja na bunduki za kisasa, mizinga na bombomu. Msafara wao ulitembea kwa mstari mrefu vichakani, silaha nzito zikiwa bado zimebebwa. Wahehe, wengi wao wakiwa na mikuki tu, walijificha hatua chache kutoka njiani, wakawaacha adui waingie ndani ya mtego kabla ya kuwavamia. Katika dakika chache Zelewski alikuwa amekufa pamoja na sehemu kubwa ya askari wake, na bunduki zipatazo 300 zikatekwa. Huo ulikuwa ushindi wa upelelezi, subira na utii kwa mpango. Kambi ya Lugalo jijini Dar es Salaam imepewa jina lake kwa kuuenzi.

Upande wa pili wa mji wa Iringa iko Kalenga, yenye somo la kinyume. Huko wapiganaji hodari wa kuvizia waliwekwa nyuma ya ukuta wa ngome kuusubiri mzinga. Silaha zilizotekwa Lugalo hazikuiokoa. Mwishoni mwa Oktoba, 1894, jeshi la von Schele liliishambulia Kalenga na kuiteka. Watu walikuwa wale wale na ushujaa wao ule ule. Walichopewa kufanya ndicho kilichobadilika. Mkwawa alipoirudia vita ya msituni aliweza kuwasumbua Wajerumani kwa takriban miaka minne zaidi, hadi Julai 19, 1898, kwa sababu wananchi walimlisha na kumpasha habari. Wajerumani walipowaandama wananchi hao, kundi lake dogo likadhoofika. Kundi dogo huishi kwa tegemeo lililo nyuma yake.

Somo hilo lilijitokeza tena katika vita dhidi ya Idi Amin. Machi 10, 1979, huko Lukaya, Brigedi ya 201, iliyojaa wanamgambo ambao wengi wao hawakuwa wameonja vita, ilikumbana na majeshi ya Amin na ya Libya, na maroketi yakaifanya irudi nyuma kwa vurugu. Meja Jenerali David Msuguri hakuwalaani wanamgambo wale, wala hakuwataka wafanye miujiza. Aliiamuru Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini magharibi, igeuke na kumpiga adui ubavuni, wakati ya 201 ikijipanga upya na kumkabili kwa mbele. Kesho yake adui alikimbia. Wanamgambo walionekana dhaifu walipokuwa peke yao. Walipopewa sehemu yao katika mpango mpana walitimiza wajibu wao.

Miaka 34 baadaye kanuni hiyo iliandikwa katika azimio la Umoja wa Mataifa. Baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma mwaka 2012, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 2098, tarehe 28 Machi, 2013, kuunda brigedi ya kuingilia kati mashariki mwa Kongo. Muundo wake ulitajwa wazi: vikosi vitatu vya askari wa miguu, kombania moja ya mizinga, na kombania moja ya kikosi maalumu na upelelezi. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilitoa askari, na kamanda wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Kombania ya upelelezi iwe macho, mizinga iwe ngumi, askari wa miguu washike ardhi. Wakishirikiana na jeshi la Kongo, na wakisaidiwa na helikopta za kivita, waliwabana M23, ambao Novemba mwaka huo huo walitangaza kuweka silaha chini.

Lakini usiku wa Desemba 7, 2017, waasi waliishambulia kambi ya askari wa Tanzania kando ya mto Semuliki, katika wilaya ya Beni. Askari 15 waliuawa na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2018 ulitaja kasoro za mafunzo na za uongozi. Ulieleza pia kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea msaada au kuwaondoa walioshambuliwa, na kwamba ndege, uhandisi na habari za upelelezi vilikosekana. Brigedi iliyosifiwa mwaka 2013 kwa mashambulizi yake ilikuwa na watu wake katika kambi ya pembeni, wakilinda daraja, bila jicho la kuwaonya wala mkono wa kuwafikia. Makali ya shoka yalibaki bila mpini.

Hapana budi basi kila mwenye mamlaka ya kukituma kikosi maalumu ajibu maswali manne kabla ya kutia saini. Je, kazi hii ni ile ambayo kikosi kiliundwa na kufundishwa kuifanya? Ni nani atakayekipa habari za adui? Ni nani atakayekwenda kukisaidia kikizingirwa, na kwa chombo gani? Kazi itakoma lini, na ni askari gani wa kawaida watakaoipokea? Asiye na majibu hana haki ya kutuma.

Kuna wanaosema kwamba maswali kama hayo ni dalili ya woga, na kwamba komandoo hachagui kazi. Ni kweli kwamba komandoo hachagui. Ndiyo maana anayemchagulia anabeba dhamana nzito zaidi. Askari wa Semuliki walitii na kupigana kwa saa nyingi gizani. Hakuna awezaye kuulaumu ushujaa wao. Deni lililobaki ni la wapangaji.

Usiku ukiingia Ipogolo, gari huondoka kituoni baada ya breki kukaguliwa, kwa sababu wote waliopo wanaijua milima iliyo mbele. Vijana wanaovaa sare ya taifa wanastahili angalau uangalifu huo.