Mifuko ya Upepo Chini ya Pikapu

Juzi tulibishana sana barazani kwa Padre juu ya pikapu ya parokia. Kiangazi kazi yake ni kuvuta tela la maji, lita 1,000, toka hapa Ihumwa kwenda vigango vya njia ya Hombolo. Tela likifungwa, pikapu hukaa kama fisi: mabega juu, kiuno chini. Usiku taa zake humulika vilele vya miti.

Fundi akatupa shauri la mifuko ya upepo. Ni mifuko miwili ya mpira mgumu. Hukaa kati ya fremu na ekseli ya nyuma, mmoja kila upande, na kila mmoja una mdomo wa kujazia upepo kama wa tairi. Huzisaidia springi, haziondoi. Mabasi makubwa mengine yapitayo hapa kwenda Dar es Salaam hukalia mifuko ya namna hiyo.

Mzee mmoja wa kamati akafurahi. “Basi tutavuta lita 2,000!”

Neno hilo lilinitia hofu. Mwaka jana mimi mwenyewe niliandika safari ya lita nyingi kupita kiasi, nikapanda mbele pamoja na dereva. Kufika korongoni dereva alikata kona, usukani ukageuka, lakini pikapu ikaenda mbele vilevile. Tulisimama ukingoni kabisa. Nyuma walikuwa wameketi akina mama wawili.

Sababu yake ni hii. Tela hukandamiza mkia wa gari, nyuma ya ekseli. Na kama ubao wa watoto wa kubembea, upande mmoja ukishuka wa pili hunyanyuka. Magurudumu ya mbele, yenye kazi ya kukata kona na kufunga breki zaidi, hupungukiwa uzito.

Sasa mifuko imekwisha fungwa, nami nimepima kwa futi ya fundi cherehani. Tela lilipofungwa, nyuma ilishuka sentimita 7, mbele ikapanda 1. Tulipojaza upepo, nyuma ilirudi sawasawa na taa zikamulika njia. Lakini mbele haikurudi. Upepo umeinua kiuno cha fisi, haukumrudishia uzito mabegani. Wala ekseli, breki na tairi hazikuongezeka nguvu. Kilo alizoandika mtengenezaji ni zilezile.

Kilichotusaidia zaidi hakikutugharimu kitu: tulisogeza tangi hata kiungo cha tela kikabeba kama sehemu 10 hadi 15 katika 100 za uzito wote. Tusingelisogeza nyuma kupita hapo, maana tela jepesi kichwani huyumba barabarani. Na tangi hujazwa pomoni, kwani maji ya nusu hupiga huku na huku.

Kila mfuko tumeupa bomba lake. Bomba likiwa moja, kwenye kona upepo hukimbilia upande usio na mzigo na gari hulala. Tukifungua tela twapunguza upepo, lakini hatuumalizi, maana mfuko mtupu hukunjika ukatoboka. Dereva hutazama pia usiguse bomba la moshi.

Lita ni 1,000, safari mbili. Yule mzee asema, “Mwalimu, uoga wako watumalizia dizeli.” Alhamisi kamati yakutana tena, naye amekwisha omba nafasi ya kusema.