Mwanafunzi Atafute Nini?

Imekuwa desturi siku hizi kwa mwalimu wa sekondari kuwaambia wanafunzi wake, "Nendeni mkatafute katika intaneti habari za magonjwa ya migomba," kisha akahesabu kwamba ametoa kazi. Mwanafunzi wa Muleba akiazimwa simu na kaka yake kwa nusu saa, au akiketi mbele ya kompyuta moja na wenzake watano, huandika maneno yale yale aliyopewa, akanakili aya tatu za kwanza, na kurudi darasani na daftari lililojaa. Kwa maoni yangu mwanafunzi huyo hana kosa. Aliambiwa atafute, naye akatafuta. Kilichokosekana ni lengo, na lengo lilikuwa jukumu la aliyemtuma.

"Magonjwa ya migomba" ni jina la mada tu. Lengo la kujifunza ni swali ambalo mtu akilipata jibu lake atajua kwamba amelipata. Tuchukue mfano wa shamba la nyumbani. Mgomba unanyauka, na mashine ya kutafutia huleta kwa pamoja habari za maradhi mawili yasiyohusiana: mnyauko wa Panama, unaoletwa na kuvu wa udongoni, na mnyauko wa bakteria, uliotangazwa Uganda mwaka 2001 na kuonekana Muleba miaka michache baadaye. Mwanafunzi asiye na swali atayachanganya yote mawili katika ukurasa mmoja. Mwenye kuuliza, "Ni dalili gani inayoutenganisha ugonjwa huu na ule?" atakuta kwamba mgomba wenye bakteria ukikatwa hutoa utomvu wa manjano kama usaha, na ndizi zake huiva kabla ya wakati huku ndani zikiwa zimeharibika, na kwamba Panama haitoi usaha huo. Akiendelea kidogo atakuta jambo zito zaidi kwa Mhaya: ndizi za kupika za nyanda zetu za juu huistahimili Panama ya aina iliyozoeleka Afrika Mashariki, lakini haziuhimili mnyauko wa bakteria. Basi zikinyauka hizo, dhana ya kwanza iwe ni bakteria. Hapo ushauri nao hubadilika. Ua dume huvunjwa kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kisu cha shambani hupitishwa motoni, na shina lililougua huondolewa mapema. Familia ikikosea hapa hupoteza chakula chake.

Wako wataalamu walioichunguza nguvu ya lengo kwa miaka mingi. Mwaka 1975 Gary Latham na J. James Baldes walichapisha habari za madereva wa malori ya magogo huko Oklahoma, Marekani. Kwa kuambiwa wajitahidi wawezavyo, walikuwa wakipakia kiasi cha asilimia 60 ya uzito uliokubaliwa na sheria. Walipowekewa lengo la asilimia 94, walipanda hadi kupita 90. Baadhi ya walimu wakisikia hayo watakimbilia kusema, "Basi kila mmoja alete kurasa kumi." La hasha! Kupakia magogo ni kazi ambayo dereva ameshaijua. Mwaka 1996 Latham huyo huyo, pamoja na Dawn Winters, alionyesha kwamba katika kazi ngumu ambayo mtu hajaizoea, lengo la kufikia kiasi fulani huweza kumpunguzia mtu ufanisi, na linalomsaidia ni lengo la kugundua njia za kuitenda kazi yenyewe. Kutafuta elimu katika intaneti ni kazi ya namna hiyo ya pili, nayo kurasa kumi ni uzito wa lori.

Mkoa wa Kagera una mfano ulio bora kuliko yote niijuayo, nao ni ule ugonjwa wa kucheka wa mwaka 1962. Andika maneno hayo katika mashine ya kutafutia, na utasoma kwamba watu wa Tanganyika walicheka mwaka mzima bila kukoma. Maelfu ya wasomaji duniani wameridhika na kichekesho hicho, kwa kuwa hawakuwa na swali lolote la kukipima. Sasa mpe mwanafunzi swali moja: "Shambulio la mgonjwa mmoja lilidumu muda gani, na nani aliyepima?" Swali hilo litamvusha kurasa za porojo hadi kwenye taarifa ya madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, iliyochapishwa mwaka 1963. Humo atasoma kwamba ugonjwa ulianza tarehe 30 Januari 1962 katika shule ya kati ya wasichana ya misheni huko Kashasha. Kwamba hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wameupata, na walimu hapana. Kwamba shambulio lilidumu dakika chache au saa chache, likapoa, likarudi, na kwa mgonjwa mmoja halikuzidi siku 16. Kwamba pamoja na kucheka kulikuwa na kulia na mahangaiko. Huko Nshamba waliougua walikuwa 217. Madaktari hawakupata sumu katika chakula wala kasoro ya mwili. Mwaka 2007 Christian Hempelmann aliirudia habari yote na kukanusha hadithi ya kicheko kisichokoma. Kwake yeye ilikuwa dhiki ya nafsi iliyoenea katika kundi, na kicheko kilikuwa dalili mojawapo tu.

Swali zuri pia humfundisha mtafutaji maneno ya kutafutia. Anayeandika "Muleba 1962" hatafika mbali, maana wakati huo Kashasha na Nshamba zilikuwa ndani ya Wilaya ya Bukoba, na ndivyo taarifa isemavyo. Madaktari waliandika pia jina walilolisikia kwa wenyeji, *enwara yokusheka*. Mtoto wa Kihaya ana ufunguo huo mdomoni mwake. Profesa wa ng'ambo sharti auazime.

Hapana budi lengo liruhusiwe kubadilika. Aliyeanza kwa kuuliza muda wa shambulio huenda akaona kwamba swali lenye uzito ni kwa nini walimu hawakuugua, na mwalimu asimwadhibu kwa kuiacha njia. Ninachodai ni kwamba swali la kwanza liandikwe daftarini kabla simu haijawashwa, na lile jipya liandikwe chini yake pamoja na sababu ya kuhama. Mwalimu asahihishe mistari hiyo kwanza, kabla ya aya zilizonakiliwa. Kwa shule inayonunua intaneti kwa vifurushi, hili litaokoa fedha pia.

Liko jambo moja la Kashasha ambalo mwanafunzi hatalipata katika kompyuta hata akiuliza vizuri namna gani: wasichana wenyewe waliieleza vipi hofu yao, kwa Kihaya, kwa mama zao. Walio hai sasa ni mabibi waliokaribia au kupita miaka 80. Mwanafunzi aliyefika kwenye swali hilo aizime simu, apate ruhusa ya wazazi, kisha aende kuwaamkia.