Homa ya Ini na Haki ya Mfanya Kazi

Mfanya kazi akipimwa damu akaonekana ana virusi vya homa ya ini ya B, mara nyingi jambo la kwanza kumfikia si matibabu, bali ni kutengewa kikombe. Wenzake hunong'ona, na wako wanaosema ameyataka mwenyewe kwa mwenendo wake. Sisi hatukubaliani na fikira hizo hata kidogo.

Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili wake huvishinda virusi hivyo. Wasiofika 5 katika kila 100 ndio hubaki navyo. Kwa watoto wachanga, hubaki navyo kiasi cha 95. Kwa hiyo mtu wa makamo mwenye maradhi haya yaelekea aliyapata kwa mama yake siku ya kuzaliwa, au utotoni. Katika Tanzania watoto walianza kuchanjwa mwaka 2002, na wengi walio kazini leo walikuwa wamekwisha kuzaliwa. Basi mtu huyu alaumiwe kwa kosa gani?

Virusi hivi hupita kwa damu na kwa kujamiiana. Havipiti kwa sahani wala kwa kupeana mikono. Wembe na mswaki, hivyo kila mtu awe na chake.

Kwa ndugu mwenye maradhi twasema waziwazi: kujiona mzima si kupona. Ini huumia kimya kimya kwa miaka mingi, kwa hiyo hana budi kurudi kliniki kupimwa hata asipoumwa. Si kila mtu huhitaji dawa. Lakini aliyeandikiwa tenofoviri, kidonge kimoja kila siku, asiiache bila shauri la daktari, ati kwa kuwa wenye virusi vya UKIMWI nao huimeza na anachelea macho ya watu. Maradhi huweza kurudi kwa nguvu na kuliharibu ini. Pombe aiache. Mahindi na karanga zenye ukungu asile, maana sumu yake ikikutana na virusi hivi huzidisha sana hatari ya kansa ya ini. Mwenzi wake na watoto wapimwe, na wasio na kinga wachanjwe.

Lakini kwenda kliniki kwataka ruhusa, na msimamizi anayemkata mtu mshahara kwa siku hiyo anamfundisha kujificha. Twavitaka vyama vya wafanya kazi viyatie haya katika mapatano na waajiri: siku ya kliniki ihesabiwe siku ya kazi, na majibu ya damu ya mtu yabaki baina yake na daktari wake.