KIONGOZI ALIYESHINDWA KURA: AONDOKE AU ABAKI?



Kila Tume inapokwisha kumtangaza mshindi, na mshindi huyo akawa si wetu, huzuka katika mabaraza yetu suala moja, nalo huulizwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu kulisema: je, kiongozi aliyetuongoza tukashindwa, haimpasi kujiuzulu? Liliulizwa baada ya 1995, likaulizwa baada ya 2000 na 2005, na baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025, ambao Tume ilimtangaza Dk. Hussein Ali Mwinyi kuwa mshindi dhidi ya mgombea wetu Mheshimiwa Othman Masoud Othman, linaulizwa tena. Sisi hatuoni haya kulijibu mbele za watu. Suala linalonong'onwa kichochoroni lina khatari kubwa kuliko lile linalosemwa mkutanoni, kwani la kichochoroni halina mwenyekiti wa kulifunga.

Wako wenzetu wasemao kwamba kiongozi ni kama nahodha. Chombo kikipanda mwamba, hapewi chombo kingine. Nao hutuonyesha Uingereza, ambako William Hague alishindwa uchaguzi wa 2001 na hakukawia hata siku mbili kutangaza kuwa anauacha uongozi wa chama chake. Maneno haya yana haki ndani yake, wala hatuyadharau. Lakini Uingereza hiyo hiyo Winston Churchill alishindwa vibaya mwaka 1945, akashindwa tena 1950, akabaki kiongozi wa chama chake, na mwaka 1951 akarudi kuwa Waziri Mkuu. Basi hata huko tunakopelekwa kuazima desturi, desturi yenyewe si moja.

Wala hapana haja ya kwenda mbali. Katika uchaguzi wa kwanza wa visiwa hivi, Julai 1957, chama cha Hizbu hakikupata hata kiti kimoja katika viti sita vilivyopigiwa kura, na Sheikh Ali Muhsin mwenyewe aliangushwa Ng'ambo na Sheikh Abeid Amani Karume. Je, alikwenda nyumbani kulala? Ilipofika Juni 1961 Hizbu walikuwa na viti kumi na wameunda serikali pamoja na ZPPP. Na Mzee Karume naye, chama chake cha ASP kilipata zaidi ya nusu ya kura zote mwaka 1963 kikaambulia viti 13 katika 31, wala hakuna aliyemwambia ajiuzulu kwa kosa la kupendwa na watu wengi waliokaa katika majimbo machache. Mtu anaweza kuwapenda au kutowapenda wazee hawa wawili. La kutazama ni kwamba wote wawili walishindwa, na vyama vyao havikuona kuwa kushindwa peke yake ni hukumu.

Sasa natuje kwetu khasa, na kwa jina ambalo wengi wetu tukilisikia huuma meno: Butiama.

Mwisho wa Machi 2008, Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Butiama, kijiji alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Nyerere, huko Mara. Mezani kwao palikuwa na mapatano ambayo wajumbe wa CUF na CCM walikuwa wamekaa kuyazungumza kwa zaidi ya mwaka mzima, yaani Serikali ya pamoja Zanzibar. Sisi huku tulitarajia saini. Kikatoka Butiama kitu kingine: kwamba kwanza Wazanzibari waulizwe kwa kura ya maoni. Wenzetu waliona huo ni ujanja wa kuchelewesha, wakaukataa, na hasira ilikuwa kubwa Unguja na Pemba.

Nani alikuwa amesimama upande wetu siku hizo? Maalim Seif Sharif Hamad, Katibu Mkuu wa CUF, mtu ambaye kwa hesabu za Tume alikuwa amekwisha kushindwa mara tatu: 1995 kwa asilimia 49.8 dhidi ya 50.2, kisha 2000, kisha 2005 kwa asilimia 46.1 dhidi ya 53.2. Lau tungalifuata sheria ya nahodha na mwamba, Maalim Seif angaliondoka Novemba 1995, na hao waliokutana Butiama wasingalikuwa na mtu wa kujadiliana naye mwenye kushika neno la nusu ya nchi. Mapatano hufanywa na mtu ambaye wafuasi wake watamwamini akirudi na kitu pungufu. Imani hiyo haipatikani kwa barua ya uteuzi. Yeye aliipata kwa kushindwa pamoja nao, na kuzika pamoja nao waliouawa Januari 2001.

Tazameni basi yaliyofuata. Tarehe 5 Novemba 2009 Maalim Seif alikwenda Ikulu kuonana na Rais Amani Karume, na wakaafikiana. Tarehe 31 Julai 2010 ikapigwa kura ya maoni ile ile iliyotajwa Butiama na iliyotukasirisha, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa. Uchaguzi ulipokuja, Tume ikamtangaza Dk. Shein kwa asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1, ikiwa ni mara ya nne kushindwa, na mtu huyo huyo akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Hatusemi kwamba Serikali ile ilitutosha. Yaliyotokea 28 Oktoba 2015, pale mwenyekiti wa Tume alipoufuta uchaguzi mzima kwa tamko, yanaonyesha jinsi isivyotosha. Twasema tu kwamba isingalikuwapo kabisa.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili. Mahali ambapo anayehesabu kura huteuliwa na anayeshindana nawe, kumlazimisha kiongozi ajiuzulu kila Tume inaposema ameshindwa ni kuwapa wapinzani wetu ufunguo wa kutuchagulia kiongozi. Watamwangusha tunayemtaka mpaka wampate wanayemtaka wao.

Lakini hapa ndipo wanaompenda kiongozi hushangilia na kutaka tusimamishe kalamu, nasi hatusimamishi. Neno "tumeibiwa", hata likiwa kweli, limekuwa godoro la kulalia. Mwizi huiba penye mlango ulio wazi. Yako majimbo ambako mawakala wetu walizuiwa, na hilo ni dhuluma; yako mengine ambako wakala hakupelekwa, au alipelekwa hajui fomu anayotia saini, na hilo si la Tume, ni letu. Kiongozi asiyetofautisha mambo haya mawili mbele ya wanachama hastahiki kusamehewa kwa sababu ya dhuluma aliyotendewa.

Tena kuna kujiuzulu kubaya kuliko kubaki. Profesa Ibrahim Lipumba aligombea Urais wa Muungano 1995, 2000, 2005 na 2010, akashindwa mara zote nne, na CUF haikuvunjika. Agosti 2015, uchaguzi uko mlangoni, akatangaza kujiuzulu uenyekiti. Juni 2016 akaandika barua kuwa anarudi. Septemba Msajili wa Vyama akamtambua, na kuanzia hapo hatukuwa na chama bali kesi, mpaka tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu ilipompa ushindi, nasi tukashusha tanga upande mmoja na kulipandisha upande mwingine. Kushindwa mara nne hakukutudhuru kama kulivyotudhuru kujiuzulu mara moja, kulikofanywa mbele ya waandishi wa khabari kabla ya Mkutano Mkuu kusema neno.

Linganisheni na mzee wa Butiama mwenyewe, ingawa yeye hakuwa ameshindwa kura. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru wa Tanganyika, Mwalimu aliuacha Uwaziri Mkuu akamwachia Rashidi Kawawa. Wengi hukumbuka kuacha huko, wakasahau alichobaki nacho: uongozi wa TANU. Alifanya hivyo Halmashauri Kuu ya chama ikiwa imekutana, akaenda kukijenga chama matawini, na kabla mwaka haujaisha alichaguliwa kuwa Rais. Na 1985 alipouacha Urais, uenyekiti wa CCM aliushika mpaka 1990, jambo ambalo sisi wa Visiwani tuna maneno yetu juu yake, lakini si ya leo. Alijua kwamba cheo cha nchi ni kitu kimoja na amana ya chama ni kitu kingine, na kila kimoja kina mwenyewe wa kurudishiwa.

Mwenye amana ya chama ni Mkutano Mkuu. Januari 2025 CHADEMA walikutana Dar es Salaam. Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti tangu 2004, alisimama kupigiwa kura, akapata 482 na Tundu Lissu 513, akampongeza mwenziwe. Kura thelathini na moja ziliamua yale ambayo minong'ono ya miaka mingi haikuweza kuyaamua. Na mwezi huo huo CCM walimpa umakamu mwenyekiti wa Bara Mzee Stephen Wasira, ambaye mwaka 2015 wapigakura wa Bunda Mjini, jirani kabisa na Butiama, walimwacha wakamchagua Ester Bulaya. Wao hawakuona kuwa aliyeangushwa jimboni hana tena kazi chamani. Lakini waliulizwa, wakajibu.

Basi twataka viongozi wetu, kuanzia wa juu mpaka wa jimbo, wasijiuzulu kwa hasira wala wasibaki kwa mazoea. Uitishwe Mkutano Mkuu katika muda wa miezi sita baada ya kila uchaguzi. Kiongozi asome hesabu kamili ya kituo kwa kituo: wapi tulizuiwa, wapi hatukwenda, fedha zilitumikaje. Kisha atoke ukumbini, na wajumbe wapige kura ya siri kama waendelee naye au la. Akipata kura, mabaraza yafunge mdomo mpaka uchaguzi mwingine. Akikosa, akabidhi mafaili na mhuri siku hiyo hiyo, na abaki mwanachama mwenye haki ya kusema.

Jambo hili halimo katika ajenda ya mkutano wowote hadi tawi liliandikie. Makatibu wa matawi ya Unguja na Pemba wanaoafiki waliweke mbele ya wanachama wao katika kikao cha kwanza, na muhtasari wenye saini upelekwe Makao Makuu.