Kabla ya Kuposti, Jua Pesa Unayotafuta

Ukishuka Salama, pale kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, utakuta wauza matunda kando ya lami, hoteli za madereva wa malori, bucha, na maduka ya vifaa vya ujenzi. Siku hizi biashara nyingi za aina hii zina ukurasa wa Facebook, au stetasi ya WhatsApp inayobadilika kila asubuhi. Hiyo ni sawa kabisa. Lakini hebu muulize mwenye duka zile posti zinamletea nini. Mara nyingi atakuonyesha laiki.

Mtu wa Eldoret akilaiki picha ya maembe yako, hajanunua hata moja, na pengine hatapita Salama mwaka huu.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza maembe. Msimu Makueni ni kama kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, kwa hivyo hana muda wa kupoteza. Tuseme analipia tangazo la Facebook kwa shilingi 1,000. Kabla pesa haijakatwa, Facebook humuuliza lengo lake: anataka watu wamwone tu, walaiki na kukomenti, wamtumie ujumbe, au wanunue? Wengi hubonyeza chochote ili wamalize. Na hapo ndipo pesa hupotelea, kwa sababu mfumo huo hutafuta watu wanaoelekea kufanya kile ulichochagua. Ukiomba laiki, utaletewa watu wa kulaiki, nao watalaiki kweli kweli. Ukiomba ujumbe, utaletewa watu walio na mazoea ya kuandikia wafanyabiashara. Bei ni ileile, wateja ni tofauti. Wakati huo maembe yanaiva, na yakianza kulegea broka anayachukua kwa bei anayotaka yeye.

Chuoni tulifundishwa mambo haya kwa mifano ya kampuni kubwa zenye idara nzima ya matangazo. Mimi naona yana uzito zaidi kwa mtu mwenye kreti 20 na simu moja. Kampuni kubwa ikikosea lengo, inapanga mkutano. Yeye anakosa pesa ya stoki ya kesho.

Kwa hivyo anzia mwisho: mwezi huu unataka pesa itoke kwa nani? Salama si mji wa mteja mmoja. Kuna msafiri, ambaye amepungua kidogo. SGR ilianza kubeba abiria 2017 na mizigo 2018, na haina kituo Salama. Msafiri huyu hahitaji picha iliyoandikwa "karibuni nyote". Anataka kujua usimame upande gani wa barabara, kreti ni bei gani, na kama anaweza kuagiza akiwa bado nyumbani. Mpostie kabla ya wikendi na sikukuu, si Jumanne mchana.

Kuna pia mwenyeji. Kwa huyo, Facebook hukuruhusu kuchagua eneo na umbali wa kilomita, ili usilipie macho ya watu wa Kisumu.

Halafu kuna mteja wa tatu ambaye husahaulika: mtu anayefanya kazi Nairobi na anajenga nyumbani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi angemfikiria huyu kwanza. Anataka kuona bei ya simiti ya leo, alipe kwa simu akiwa ofisini, fundi achukue mzigo jioni. Kwake posti moja yenye bei na nambari ya Till ina faida kuliko vichekesho kumi.

Najua kuna watakaosema lazima ujulikane kwanza ndiyo uuze. Kama umefungua duka juzi, nakubali. Lakini duka la miaka mitano ambalo bado "linajitangaza tu" linalipia burudani ya watu wengine.

Sasa, utajuaje kama tangazo limefanya kazi? Fungua taarifa ya malipo yako. Hii inawezekana tu kama Till ni ya biashara peke yake, haijachanganywa na pesa za chama na karo. Andika tarehe ulizolipia tangazo, kisha linganisha siku hizo na siku zinazofanana nazo: Jumamosi na Jumamosi, mwisho wa mwezi na mwisho wa mwezi. Kama faida yako kwa kreti ni shilingi 150, tangazo la 1,000 linahitaji kreti 7 za ziada ndipo lirudishe pesa yake. Mteja mpya akifika, muulize pia amekujulia wapi.

Kwa maagizo ya WhatsApp, programu ya WhatsApp Business ni ya bure na ina lebo za kuwapanga wateja: agizo jipya, malipo bado, amelipa. Lebo ya "amelipa" iweke tu baada ya kuona ujumbe wa malipo kwenye simu yako mwenyewe. Picha ya ujumbe iliyotumwa na mteja si malipo.

Mpe tangazo wiki mbili. Malipo yasiposogea, badilisha kwanza lengo ulilochagua na eneo, kabla ya kuongeza shilingi nyingine.