Barabarani na Motokaa Kuukuu

Mwezi uliopita nalisafiri kutoka Nairobi mpaka Mombasa, yapata kilomita 480, kwa motokaa ya marehemu baba, Peugeot 404. Gari la namna hii ndilo lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1963, na tena 1966, 1967 na 1968. Baba alilisifu kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa dereva siku zile. Ndugu zangu wanataka liuzwe. Safari hii ilikuwa jibu langu.

Tulipokaribia Mtito Andei, ambapo ni kama nusu ya njia, mshale wa joto ulipanda na mvuke ukafuka mbele. Mama, aliyeketi nyuma, akasema tu, "Baba yako asingalipita Emali bila kuutazama ule mkanda." Kweli, mkanda wa feni ulikuwa umelegea. Fundi aliniapia kwamba ameukaza, nami sikuhakikisha. Utingo mmoja wa lori alitaka kufungua kifuniko cha rejeta papo hapo. Nikamzuia, maana maji yale humbabua mtu uso, na maji baridi yakimiminwa katika injini yenye moto huweza kuipasua. Tukakaa kivulini saa nzima. Kisha nikaukaza mkanda, nikatia maji kidogo kidogo.

Mombasa tuliingia usiku. Kaka yangu mkubwa alilizunguka gari mara mbili asiseme neno, akaomba ufunguo, akaketi kwenye usukani peke yake mpaka chakula kikapoa. Habari ya kuuza haijatajwa tena.