Datsun ya baba mkubwa muiache na injini yake

Nimekuwa kimya wiki mbili, mitihani ilinikaba koo. Lakini jana nimerudi chuoni kutoka nyumbani Nkoaranga na roho inaniuma, silali kabla sijasema.

Jumamosi tulikaa kikao cha familia chini ya mparachichi. Ajenda moja tu: ile Datsun 240Z ya marehemu baba mkubwa ifanywe nini. Imekaa bandani tangu mzee alipoanza kuugua, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma ya usukani. Kaka (mtoto wake wa kwanza) ameshaongea na fundi mmoja wa Unga Limited. Anataka kung'oa injini aweke 2JZ yenye tabo mbili, ile ya Toyota Supra. "Mdogo wangu, hii kitu itaruka!" Vijana wakapiga makofi. Nilipopinga nikaambiwa wasomi tuna maneno mengi. Haya, maneno yenyewe ni haya.

Kwanza tupige hesabu. Injini ya 240Z ni L24, silinda sita, lita 2.4, nguvu za farasi kama 150. Ile 2JZ ya tabo ni lita 3, na Toyota wenyewe waliiandikia farasi 280. Karibu mara mbili! Gari lenyewe ni tani moja na ushee, breki za mbele diski, za nyuma ngoma. Kila kitu mle kilipimwa kwa farasi 150: difu, gia boksi, breki, hata bodi ambayo sasa kutu imeshaionja. Nikamuuliza kaka, hela ya breki iko wapi kwenye bajeti yako? Akanijibu, "Hizo baadaye."

Baadaye! Kaka yake mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja hapa hosteli naye alisema baadaye. Alitia injini kubwa kwenye Mark II ya zamani, breki akaacha zilezile. Kona moja tu ya barabara ya Moshi ilimtosha. Leo anatembea kwa magongo, na ana miaka 26.

Pili, hivi mnajua hilo gari ni nini? Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda East African Safari Rally na 240Z. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akisomewa njia na Lofty Drews, tena baada ya kulingana adhabu na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Enzi hizo mashindano yalikuwa yanaingia mpaka kwetu Tanzania, wakati wa Pasaka, msimu wa tope. Porsche walileta 911 zao mwaka huo wa 1971 wakaondoka bila ushindi. Kwa hiyo Datsun haikushinda kwa ukubwa wa injini. Ilishinda kwa sababu ilifika! Gari lililoshinda 1971 Nissan wamelihifadhi kule Japani mpaka leo. Baba mkubwa alikuwa mtoto aliyesimama kando ya barabara akarushiwa tope na magari yale, ndiyo maana alipokuja kupata hela alitafuta 240Z na siyo kitu kingine. Sasa leo mnataka kumtolea moyo mnaoujua kwa sababu ya mlio?

Najua mtanijibu. Mtasema Arusha tuko juu, kama mita 1,400, hewa nyepesi, injini ya kabureta inachoka. Kweli inapoteza kitu, lakini fundi anayejua kazi atazirekebisha zile kabureta mbili na utaona tofauti. Mtasema mbona Land Rover kibao mjini hapa zina injini za Toyota? Hiyo siipingi hata kidogo. Land Rover ya kazi ikiwekewa 1HZ ili irudi salama kutoka porini, ile ni zana, na mwenye nayo anatafuta ugali. Wewe unatafuta sifa za Ijumaa usiku.

Mtasema spea za L24 hazipatikani. Hapo nakubali ni shida. Ila kuna L28 ya lita 2.8, ndugu yake wa tumbo moja, iliyokuja kwenye 280Z. Inakaa kwenye mikono ileile bila kukata chuma. Ukitaka nguvu zaidi, pitia huko. 2JZ itakulazimisha ukate na uchomelee, na ukishakata hurudi nyuma. Halafu kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo TRA nako ujiandae kwenda. Na kwa wale wa pesa: Januari 2020 kule Marekani 240Z moja isiyochezewa iliuzwa mnadani dola 310,000. Ya kwetu haifiki huko hata kwa dua, lakini mjue wenye akili wanalipia nini.

Pendekezo langu: tufungue injini iliyopo, tuweke ringi na gasketi mpya, breki zote nne, matairi, tuzibe kutu. Tuiwashe siku ya kumbukumbu ya mzee, mama mkubwa akae mbele, tushuke naye taratibu mpaka Tengeru na kurudi.

Fundi anakuja Jumamosi hii na winchi yake. Kaka, najua utasoma hapa. Bumu likitoka naleta hela ya ringi, nakula maharage mpaka mwisho wa muhula, sijali. Ila funguo ya banda usimpe fundi kabla sijafika.

Wadau, nisaidieni kumshawishi. Alamsiki.